Jibu kwa Dzombo, Kuhusu Dume Langu

Dzombo, ujumbe wako niliupata saa nne usiku,
stima imepotea Mshomoroni nzima.
Nikausoma mara mbili.
Wataka nikuazime Kaizari wiki moja
ampande Pilipili, kisha mimi nichague mtoto, wa kwanza.
"Siku saba tu, jirani. Hasara iko wapi?"

Nilitoka uani.
Alikuwa amelalia ubavu wa kulia
kwa sababu nyonga ya kushoto humuuma.
Wewe humwona langoni, kifua mbele, masikio wima.
Humwoni alfajiri akijinyanyua
kama bibi anayeinuka mkekani:
mbele kwanza, kisha kimya kirefu, kisha nyuma.
Ya kurithi, alisema daktari.
Baba yake alikuwa nayo, na aliyeniuzia alijua.
Alinipa cheti chenye picha ya taji.
Muhuri wake, nilipoukagua, ulikuwa wa duka la viatu.

Hasara iko hapo.

Na Pilipili ana miezi mingapi?
Alikuja kwako baada ya Idi, anaenea ndani ya kopo la rangi.
Idi nyingine haijafika.
Una mabinti, Dzombo. Sitaendelea.

Umepiga hesabu: wanane, elfu kumi na tano kila mmoja.
Nami nimeipiga nyuma ya risiti ya unga.
Chanjo, na chanjo ya kurudia. Dawa ya minyoo.
Dagaa, maziwa, daktari wa saa nane usiku
mtoto wa tatu akija kwa matako.
Wanane huwa sita.
Sita huwa wanne wenye wanunuzi.
Wawili waliobaki nimewaona:
kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, karibu na daraja la Nyali,
kijana anawainua kwa ngozi ya shingo kwenye vioo vya magari,
jua la saa saba,
wana wiki tano, hawajajua hata kunywa maji sahanini.
Wazee husema mbwa hafi maji akiona ufuko.
Atauonaje, akiwa ndani ya katoni?

Wakikosa mtu, ni jaa la nyuma ya soko.
Mwaka ukigeuka, mtoto wa mtu ameng'atwa
na tunazunguka hospitali tatu tukitafuta sindano,
tukilaani mbwa koko.
Hakuna mbwa anayezaliwa koko.
Kuna mtu aliyefungua geti, akalifunga.

Bi Mwanakombo wa ng'ambo ya ukuta hagusi mbwa, wajua.
Ndiyo maana Kaizari nikimtoa alfajiri
namshika mkanda mfupi, nabana upande wa pili,
kanzu za watu zipite safi kwenda msikitini.
Hilo nalo ni kufuga.
Lakini bakuli la maji lililomeguka, lile la nje ya ukuta wake,
hulijaza yeye, kila adhuhuri, kwa mbwa wa jaani.
Nilimuuliza. Akasema:
"Mate yake nitayaosha mara saba.
Kiu niliyoiacha nitaiosha na nini?"

Sasa nikwambie.
Kaizari hana tena cha kukuazima.
Mwezi uliopita alilala juu ya meza ya daktari
akarudi na nyuzi nne na kinyongo cha siku mbili.
Ningekuandikia hilo tu, tukalala sote.
Ila si yeye dume pekee Mshomoroni,
na najua kesho utabisha kwingine.

Kabla hujabisha:
Jumamosi daktari yupo hadi saa kumi.
Tuktuk nitalipa mimi.
Usimlishe Pilipili tangu Ijumaa usiku,
hata akikutazama vile anavyokutazama.
Na beba shuka kuukuu. Njiani kurudi
atatapika, kisha atataka kulala juu ya miguu ya mtu.
Iwe yako.